Steringi Hafi

Mtu akikuambia anajua kutafsiri filamu, muulize kwanza kama amewahi kumsikia Laurean. Bwana huyu, mzaliwa wa Bukoba, siku za kazi anaendesha mashine za kusafishia damu ya wagonjwa wa figo katika hospitali moja ya mji wa Saint Paul, Marekani, na anaziendesha vizuri. Lakini hiyo ni kazi ya mshahara. Kazi yake hasa ni Jumamosi saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa moja la mtaa wa Phillips, anaposhika maikrofoni na rimoti na kuwatafsiria wazee wetu dokumentari za siasa na vita vya Marekani.

Usidhani ni tafsiri ya kusinziza watu. Laurean alijifunza ufundi huo ujanani, kwenye kibanda cha video mtaa wa Kashai kule Bukoba, ambako watu walikuja kumsikia yeye, picha ikawa nyongeza tu. Kwa hiyo hata maseneta wanaobishana juu ya vita hawaachi hivihivi. Wa tai nyekundu anamwita Mzee wa Hoja, mwenye miwani anamwita Bwana Taarifa, na ukumbi unacheka. Wazee hawa wamekaa nchi hii miaka na miaka wakisikia siasa zake kama ugomvi wa jirani nyuma ya ukuta. Kwa Laurean wamejua nani alipiga kura ya ndiyo, na watoto wa nani wakapelekwa. Ukimwambia anajisifu, atakujibu kwamba kizuri chajiuza, na yeye hajawahi kubandika tangazo.

Basi, kati ya watazamaji wake alikuwepo Mama Wanjala, jina lake Peris, mama wa Kibukusu kutoka Bungoma. Anaishi Blaine, nje ya mji, na Blaine bila gari umefungwa, kwa hiyo Laurean ndiye anayemfuata na kumrudisha. Mwanawe, Wanjala, ni askari wa jeshi la Marekani, na tangu Septemba alikuwa ametumwa ng'ambo. Nyumbani mama alibaki na mkewe Wanjala, Kendi, ambaye ni nesi. Siku moja njiani mama akamfungulia Laurean moyo.

"Habari za vita zikija kwa TV, yule mtu anaongea nusu saa," alisema. "Nikimuuliza Kendi wanasema nini, ananiambia, 'Hakuna kitu, mum.' Nusu saa, hakuna kitu. Ni msichana mzuri, ananihurumia tu. Lakini mimi nataka mtu wa kuniambia vile iko."

"Mtu huyo ndiye anayekuendesha, mama," Laurean akajibu, wala hakupunguza mwendo.

Kosa lilitokea Jumamosi moja ya Februari, na ni kosa la watu wa vibandani. Filamu ilihusu kikosi kimoja cha askari milimani. Laurean hakuwa ameitazama kwanza. Uzoefu wote ule, aitazame ya nini? Alipotokea kijana mwembamba, mcheshi, anapaka siagi ya karanga kwenye mkate kwa kisu cha vita, akampa cheo cha shujaa wa picha papo hapo.

"Huyu ndiye steringi wetu. Na sheria mnaijua: steringi hafi!"

"Hafi!" wazee wakaitikia, na sauti ya Mama Wanjala ilizidi zote.

Laurean alijua fika kwamba dokumentari si maigizo, ila ulimi wa kibandani ulimtangulia. Mwishoni mwishoni milio ya risasi ikasikika, kamera ikaanguka. Vumbi lilipotulia, ofisa mmoja aliketi akaeleza kwa maneno machache yaliyonyooka. Yule kijana alikuwa amekufa kabla helikopta haijafika.

Laurean akapapasa rimoti badala ya kutafsiri, jambo ambalo ukumbi ule haukuwahi kuliona. Mama Wanjala akageuka kitini.

"Anasema nini?"

Aibu ilimshika Laurean, na huruma juu yake. "Amejeruhiwa, yuko hospitali" ilikuwa tayari mdomoni. Waliokuwa na Kiingereza waliinamia vikombe vyao vya chai, na hakuna ambaye angemuumbua. Lakini maneno ya garini, kwamba atamwambia mama ukweli, aliyasema yeye mwenyewe. Akasimamisha picha, akaweka maikrofoni chini.

"Mama Wanjala, amekufa. Ofisa anasema risasi ilimpata shingoni. Walimfunga jeraha, wakamwita jina lake, hakuitika. Mimi niliahidi nisichokijua. Nisamehe."

Mama aliitazama ile sura iliyosimama kwenye kioo, akaitazama tena.

"Endelea," akasema. "Mamake anaambiwa vipi?"

Laurean akaendelea, neno kwa neno, bila chumvi. Wanaume wawili wenye sare walifika mlangoni kwa mama wa kijana, wakavua kofia, wakasema sentensi tatu. Akazitafsiri zote tatu.

Walipofika Blaine, mama alimkaribisha ndani, akampa karatasi na kalamu nene, akamwambia aandike namba yake ya simu kwa tarakimu kubwa. Kisha akaibandika nyuma ya mlango wa mbele, usawa wa macho. Kendi akatoka jikoni.

"Mum, hiyo ni ya nini?"

"Ni ya wale wawili wa sare," mama akasema. "Wakija, wasinene neno mpaka huyu afike."

Kendi alimtazama Laurean. Laurean akanyoosha kona ya karatasi iliyojikunja, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika.