Kitabu Kilichohama na Mifugo Modogashe

Saa mbili asubuhi, nje kidogo ya Modogashe, ngamia anapiga magoti na Hared Nuh anafungua kamba za makasha mawili ya vitabu. Wanafunzi wa darasa la saba wamekwisha kumzunguka.

"Kitendawili," anawaambia.

"Tega."

"Watu mia wamempanda ngamia mmoja, na mwenyewe hana habari."

"Watu wa vitabuni," wanamjibu, mikono imeshaingia kashani. Vitabu vya hesabu vinasukumwa kando. Kinachotafutwa ni hadithi za safari na hatari.

Hared, aliyekuwa akisafirisha sukari kwa ngamia hadi Wajir, anaingia mwaka wa pili wa kupeleka vitabu vya maktaba. Siku nyingine hutembea kilomita kumi na mbili juani.

"Watoto hawa wamelala njaa porini, wamefukuza fisi," anasema. "Ukimpa kisa cha mtu aliyepotea bila maji, hasomi tu, anamsahihisha. Mtoto wa umri huu anapenda kuona kwamba yeye angefika."

Leo, lakini, roho yake haijatulia. Kitabu kinachopendwa kuliko vyote, kisa cha ndugu wawili waliopotea jangwani, hakijarudi tangu likizo ya Agosti. Msimamizi wa maktaba amemwambia wazi: kisiporudi leo, kasha la hadithi halitafika hapa tena. Vitakuja vitabu vya masomo tu.

Aliyekiazima ni Nimo, mwanafunzi wa darasa hilohilo, na nyumba yao ilihama na mifugo kutafuta malisho.

Jua limeshapanda Nimo anapotokea. Kitabu kimeshonewa jalada la ngozi ya mbuzi.

"Nimo, ulitaka nipigwe kalamu?"

"Adeer," anamjibu, yaani ami, "ukiazimwa ngamia wa maziwa, utamrudisha watoto wa jirani wangali wanalia?"

"La."

"Basi. Kila boma lilitaka kukamua."

Kumbe kitabu kimepita boma hadi boma, wasiojua kusoma wakisomewa. Bibi yake Nimo ndiye aliyebisha zaidi. "Alisema, 'Huyu kijana kalelewa na nani? Njiwa wanaelekea kisimani mbele ya macho yake, na yeye anatazama mawingu.' Kisha akaniambia nirudie."

Hared anafunua ukurasa baada ya ukurasa. Zote zipo. Anacheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya kilemba. "Kwetu, kula kizuri peke yako ni aibu," anasema. "Hawa wamelelewa."

Keshokutwa yake, ofisini Garissa, msimamizi anapapasa ile ngozi, anasoma kidogo akiwa amesimama, kisha anavuta kiti. Kasha la hadithi litabaki. Tena, familia zinazohama zitakaa na kitabu kiangazi kizima.

Sasa Hared ana ndoto moja: kitabu kiondoke Modogashe na mifugo, kifike hadi Diff mpakani, ndipo kirudi.

"Na kirudi kimechakaa," anasema. "Kikirudi kipya, nitajua hakuna aliyeshiba."