Shemasi na Honi ya Treni

Shemasi aliyepiga kinanda alikuwa na kanuni moja: vitufe vyekundu haviguswi ndani ya nyumba ya Mungu. Kanisa lao la Wakongo wa ughaibuni, kule Stratford, zamani lilikuwa ukumbi wa sinema, na kinanda kile kikubwa cha mabomba kilijengwa kusindikiza filamu zisizo na sauti. Vitufe vyekundu vilitoa mlio wa ndege, wa ngoma na honi ya treni. Kila Jumapili alivua viatu, akapangusa vidole kwa leso, akavifunika vitufe hivyo kwa kitambaa, kisha akamkazia macho mwanakwaya yeyote anayetafuna jojo.

Ikaja harusi ya Miradie, binti wa kanisani hapo. Bwana harusi alipiga simu kusema kwamba treni yake imekwama njiani. Minong'ono ikapanda, baba akamshika binti mkono.

"Twende nyumbani. Treni gani hiyo? Amekukimbia!"

"Papa, ngoja kidogo," Miradie alilia.

Shemasi akatazama machozi yale, akang'oa kitambaa, akabonyeza. Puuuu!

"Haya, Papa Miradie, treni hiyo imefika!" Mama Agathe, mmoja wa wanakwaya, akapaza sauti.

Kanisa zima likaangua kicheko. Baba naye akacheka, akaketi. Bwana harusi akaingia akihema, wakafungishwa ndoa.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walimvua ushemasi kwa kupiga honi ndani ya nyumba ya Mungu, na hawakumrudishia kamwe.