Nafasi ya Nne kwenye Fomu

Watu wakiniuliza mwanamke aliingiaje kwenye trela, huwajibu kwamba niliingia kwa mlango wa kushoto. Hudhani nawatania, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwenye kampuni yetu dereva mpya, hata kama amezeekea kwenye usukani huko alikotoka, hukaa kiti cha kushoto miezi mitatu ya majaribio akimtazama mwenzake anavyoendesha, akipewa usukani wakati wa mafunzo tu. Mimi nilitoka soko la Kibuye, ambako niliendesha kanta, lile lori dogo, ya mama mmoja mwuza vitunguu kwa miaka saba, na nilijiona dereva kamili. Siku ya kwanza yadini, kwenye uwanja wa malori, niliambiwa nirudishe trela nyuma, niipitishe kati ya mapipa mawili. Pipa la kwanza nililigonga kabla sijaketi vizuri.

Mzee aliyetufundisha hakucheka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyarudia. Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye miteremko. Yule mama wa vitunguu alinizoesha kutoa gia nikifika mteremkoni, gari lishuke bure, dizeli ipone. Kwa miaka saba nilisifiwa kwa hilo. Mzee aliniona nikilifanya mara moja, akaniambia nisimamishe gari kando ya barabara, akashuka, akasimama huko nje muda mrefu akiangalia magurudumu. Aliporudi alisema, "Mama, ukifanya hivyo na tani ishirini na nane mgongoni, breki zitakuacha." Mkono wangu ulichukua mwezi mzima kuacha tabia hiyo.

Kuhusu malipo, nitasema wazi, maana wanaokuja sasa huuliza hilo kwanza. Miezi mitatu ya majaribio mshahara ni mdogo. Mwezi mzuri wa vitunguu ulinipa zaidi. Kuna posho ya safari, kuna pesa ya chakula na ya kulala, lakini wakati wa majaribio hata hizo hukatwa nusu. Wanaume wawili wa darasa letu walinung'unika mpaka wakaondoka, mmoja akaenda kuendesha lori la mchanga. Mimi sikunung'unika. Baada ya miezi mitatu dereva aliyethibitishwa hupewa kadi ya matibabu, yake na ya mwenzi wake na ya watoto wanne. Mimi nilifuata hiyo kadi, na kama wangenipa kadi bila mshahara ningefikiria mara mbili kabla ya kukataa.

Sababu yake ilikuwa nyumbani, mtaa wa Manyatta. Mume wetu alipofariki alituacha wajane wawili. Mimi ndiye mke mkubwa. Alipokuwa hai mimi na mwenzangu hatukuazimana hata chumvi, na sitajifanya hapa kwamba nilikuwa mtu mwema kwake. Baada ya matanga tuliona upuuzi wa kulipa kodi mbili, tukahamia nyumba moja. Akabaki nyumbani, mimi nikatoka kutafuta. Yeye huniita nyieka, kama Wajaluo wanavyomwita mke mwenza, nami humwita hivyo hivyo. Watoto wangu watatu walikuwa wakila kwa mkono wake, wakienda shule kwa ukali wake. Yeye alikuwa na mmoja tu, kijana wa miaka tisa mwenye sikoseli, ule ugonjwa wa damu. Ukimshika hulia magoti na mgongo, na nyieka humbeba mgongoni mpaka kwenye bodaboda, mtoto wa miaka tisa, miguu yake ikining'inia. Mara ya mwisho kabla sijaajiriwa walikaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi hadi alasiri bila dawa ya maumivu. Nilifika kutoka Kibuye nikamkuta mtoto ameuma kola ya shati lake mpaka imetoboka.

Kwa hiyo nilipopewa fomu ya kadi, majaribio yakikaribia kuisha, nilikuwa nimeshaijaza kichwani. Watoto wanne, na kwangu wapo wanne. Mahali pa mume au mke niliandika jina la nyieka, kwa sababu ndiye mtu ninayeishi naye na ndiye anayenitunzia nyumba. Dada wa ofisini alisoma hapo, akaniangalia, akasoma tena.

"Mama, huyu ni mwanamke."

"Najua."

Alicheka, nami nikacheka kidogo, akapiga mstari juu ya hilo jina. Kisha akachukua vyeti vya kuzaliwa, akafika cha nne, na hapo hakucheka. Baba ni yule yule, alisema, lakini mama si wewe. Nilimwambia kwa sauti ambayo leo naionea haya kwamba kwetu mtoto wa mume wangu ni mtoto wangu, na kama hajui hilo arudi kwao akaulize. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Akaniambia njia ipo: barua ya chifu, na hati ya kiapo kwa wakili, inayosema kwamba mimi ndiye mlezi.

Chifu alituandikia siku hiyo hiyo. Kwa wakili tulikwenda mimi na nyieka Ijumaa, yeye akiwa amevaa nguo yake ya kanisani. Wakili alituchapia karatasi kisha akatusomea kwa Kiswahili, polepole. Ilisema kwamba yeye, mama mzazi, hana uwezo wa kumtunza mtoto huyu. Ilisema kwamba mtoto haishi naye, na kwamba anayemlea tangu baba yake afariki ni mimi.

Mimi, ambaye kwa wiki sita zilizopita nilikuwa nimelala nyumbani usiku tisa.

Nyieka aliuliza, "Hapo pa kusema haishi nami, lazima?"

Wakili alisema bila hapo hati haina maana.

Aliomba asomewe tena. Akasomewa. Akauliza kama inaweza kufutwa siku za mbele, wakili akasema yawezekana, kwa hati nyingine. Nilitaka kusema kitu lakini kila nililolifikiria lilikuwa linanifaa mimi tu. Alitia sahihi, akaandika majina yake yote matatu kwa herufi kubwa. Tulipotoka nje akaniambia tupitie sokoni, nyumbani hakuna mboga.

Kadi ilikuja baada ya wiki mbili, na ya kijana ilikuwa na jina langu chini ya jina lake. Nikahamia kiti cha kulia. Mshahara ukapanda, posho ikawa kamili. Nilikuwa na raha, nakiri. Nilinunua viatu vya kazi vyenye chuma mbele na nikavivaa hata siku ya mapumziko.

Nilikuwa Malaba, kwenye foleni ya mpaka, mchana wa jua kali, siku ugonjwa ulipomshika tena. Nyieka alipiga simu kutoka hospitali ya kadi, ile yenye viti vya ngozi na maji ya kunywa ya bure. Nilisikia sauti yake ni tulivu, nikapumua.

"Wamempokea?"

"Wamempokea. Ana kitanda. Dawa ya maumivu wamempa hata kabla sijakaa." "Waliniuliza mimi ni nani wake."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimefikiria vyeti, barua, muhuri, kila kitu, na hilo sikulifikiria hata siku moja.

"Ukawaambia nini?"

"Karatasi inasema haishi nami. Niliogopa wakijua watamtoa kitandani. Nikasema mimi ni msichana wako wa kazi."

"Yawa, jamani," nikasema. "Kijana alikuwa anasikia?"

"Alikuwa mgongoni mwangu."

Nilimwambia wasingemtoa, kwamba angeweza kusema ukweli, nami sikuwa na hakika. Nikamwambia nitarudi Alhamisi, nikifika tutakwenda kwa wakili tuone jambo la kufanya. Akasema tusiguse kitu, kadi inafanya kazi, tuiache.

Kisha akasema, "Daktari alipokuja kumuuliza panauma wapi, kijana alinishika mkono akaniita auntie, si mama. Nyieka, sikumfundisha. Aliangalia nguo nyeupe ya daktari, akaniangalia mimi, akasema, auntie, mwambie ni magoti."

Nilisikia anavyopumua kwenye simu. Lori lililokuwa mbele yangu lilisogea, na wa nyuma akaanza kupiga honi.