Nani Ana Mbegu za Ngogwe?

Admin, jina langu lifiche ila maneno yangu usiyakate, maana nikikatwa naonekana mkorofi kuliko nilivyo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili. Nimelelewa Machame, ila maisha yangu yako Levolosi hapa Arusha, napika chakula na kuuza. Mume tuliachana na wala simtafuti. Naongea kwa sauti na hasira zangu ziko karibu, hilo hata walionizaa walishalikubali.

Nipo kwenye kundi moja la wanawake la WhatsApp. Jamani, lile kundi ni nyumbani. Mtoto akikohoa unauliza, maharage yakigoma kuiva unauliza, ukifiwa wanakuja watu ambao hujawahi kuwaona sura. Mama Eli (sio jina lake) nilimjulia humo. Yeye ni Mmeru, tulikuwa tunataniana tu kwenye simu, ananiita "wewe Mchaga mwizi wa ndizi zetu". Mwanangu alipolazwa nikashangaa mtu anaingia wodini na chupa ya supu ya mtori, ametoka Akheri kule Meru, vumbi mpaka magotini. Akasema, "Mwizi wa ndizi ni wewe?" Akakaa na mwanangu, mimi nikaenda kuoga na kulala kidogo. Kuanzia hapo nikamhesabu ndugu yangu.

Sasa, wengi mle kundini simu zao zinashikwa na waume, zinasomwa mpaka meseji za mchango wa harusi. Tukakubaliana hivi: mwenye kupigwa aulize mbegu za mboga fulani. Hapa nitasema ngogwe, mboga yenyewe siitaji, msijisumbue kukisia. Aliye karibu anajibu "ninazo, nakuletea", halafu anaenda, na asiende peke yake.

Jumapili moja nimetoka ibadani, nakuta Mama Eli ameandika: "Wapendwa, nani ana mbegu za ngogwe?" Nikajibu ninazo. Nikapanda boda peke yangu, maana nimsubiri nani? Kelele nilizisikia kabla sijafika kwake. Majirani wako kwenye migomba yao wanaangalia chini, mmoja ananiambia, "Dada, hayo ni ya mke na mume, usiingilie." Nikampita. Huko nyuma kwenye banda la ng'ombe, Baba Eli kamkamata mke wake nywele kwa mkono mmoja, mkono wa pili ana mpini wa jembe, anampiga mgongoni, begani, popote. Mdomo umepasuka, jino liko kwenye samadi. Hakuwa analia tena, alikuwa anakoroma.

Nikapiga kelele, "Baba Eli, mwachie huyo mtu!"

Akageuka. "Wewe nani kwangu? Ndiyo nyie mnaomfundisha kiburi?"

Mpini ukanishukia begani, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Hapo sikufikiri. Kulikuwa na beleshi la kuzolea samadi, nikalinyakua nikampiga nalo mkono ule wenye mpini, nikasikia mfupa unalia. Akaanguka. Nikampiga la pili kichwani akiwa chini. Sitawadanganya, hilo halikuwa la kumwokoa mtu, lilikuwa la hasira. La tatu alilizuia Mama Eli mwenyewe. Alijitupa juu ya mume wake, damu ya mdomo wake inamdondokea usoni, ananililia, "Utaniulia baba wa watoto wangu!"

Baba Eli kavunjika mkono, kichwa kimeshonwa, na kesi kanifungulia. Wazee wa ukoo wake wakaita kikao. Nikaenda, nikatoa shikamoo zangu zote, nikakaa. Wakamuuliza Mama Eli nani aliniita pale. Mume kakaa ubavuni kwake na bandeji. Akajibu huku anaangalia kanga yake: "Mimi niliulizia mbegu za ngogwe tu. Huyu dada sijui alifuata nini. Mimi niliteleza bandani nikaumia."

Yesu wangu! Mtu aliyenikalia na mtoto wodini! Nililia pale mbele za watu bila aibu.

Polisi nako askari ananiuliza kila siku swali hilohilo: "Dada, wewe unakaa Levolosi. Ulijuaje kuwa Akheri kuna mtu anapigwa?" Nanyamaza kama bubu. Nikisema, itaandikwa, itasomwa mahakamani mbele ya Baba Eli, na jioni yake kila mwanaume Meru nzima atajua ngogwe maana yake nini. Kuna wenzangu mle wanaponea kwenye hilo neno tu. Nisiposema, mimi ni mwanamke mkorofi niliyetoka mjini kwenda kumvunja mtu mkono nyumbani kwake. Naweza kufungwa, na wanangu sijui watabaki na nani. Niko nje kwa dhamana, na nimekatazwa kukanyaga kule.

Hilo ndilo nililotaka mnishauri, niseme au ninyamaze. Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, wali uko jikoni, simu ikalia. Ni kundini: "Wapendwa, hamjambo. Nani ana mbegu za ngogwe?"

Ni Mama Eli.

Wenzangu wameona, hakuna anayejibu. Wa karibu ni mimi, wengine wako Karatu, Babati huko. Sijui hata kama ni yeye anayeandika au mume ameshashtuka ananitega. Roho inasema mwache akome, si alinikana? Halafu naliona lile jino kwenye samadi. Nimeshaandika "ninazo, nakuletea", sijatuma. Wali unaungua, naisikia harufu. Nishaurini upesi jamani, nitume?