Alama za Kalamu Mkononi

Nilitoka Juba juu ya lori lililorudi tupu, siku tatu za vumbi, mkono wangu wa kulia ukining'inia. Kioo kilinikata juu ya kiwiko mwaka mmoja kabla. Nikashonwa ngozi tu, nikaendelea kuzurura. Dada yangu wa Kisugu, mtaa nilikofikia, ndiye aliyenipeleka kwa daktari. Nilitaka kitu kimoja: kushika usukani tena.

Daktari aliunganisha mshipa wa fahamu, akanieleza. Seli yake inakaa kwenye uti wa mgongo, na uzi wake mrefu unateremka hadi kwenye msuli. Hapo hauugusi msuli wenyewe; unamwaga kemikali kwenye mwanya mwembamba, na msuli unatii. Uzi uliokatwa huota tena, polepole mno.

Kila asubuhi nilijigonga mkono kwa kidole, nikiufuata mshipa. Pale nilipohisi umeme ukikimbilia vidoleni, nilitia alama ya kalamu, kwani uzi ulikuwa umefika hapo. Shemeji, mume wa dada, polisi mstaafu, aliuliza akicheka, "Msafiri yuko wapi leo?"

"Amepita kiwiko, shemeji."

Miezi mingi baadaye nilihisi kidole cha dada mgongoni mwa kiganja. Akapiga vigelegele. Lakini kiganja hakikuinuka. Daktari alisema msuli ulisubiri ujumbe muda mrefu mno, ukafa.

"Basi msafiri amekuta nyumba imefungwa," alisema shemeji. "Ndivyo wazururaji wanavyofika."

Alisema kweli, ndiyo maana sikumsamehe. Kesho yake nilimuaga dada kwa mkono wa kushoto, nikapanda basi la Goma. Sijarudi.