Kadi Apewe Anayepika

Mvua ya masika ilipofika siku ya tatu bila kupumua, bonde la Jangwani lilijaa, na watu wa bondeni wakapanda Kariakoo na kile walichoweza kubeba. Wakati huo nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali mjini. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, na nilikaa kwa shangazi yangu, chumba cha uani, hatua chache kutoka sokoni. Kazi yangu ilikuwa kuchapa mawazo ya watu wengine. Yangu mwenyewe hakuna aliyekuwa ameyaulizia.

Asubuhi hiyo simu ya ofisi ililia. Alikuwa mkuu wetu, yuko Magomeni, ng'ambo ya maji.

"Barabara imefunikwa," alisema. "Sivuki leo, na sijui kesho. Nani yuko hapo?"

Nikatazama meza zilizokuwa tupu. "Mimi tu, mzee."

"Basi ni wewe. Chukua taipu na karatasi, nenda ile shule wanakokusanya watu. Waandike. Kila mkuu wa kaya apewe kadi ya mgawo. Mkuu wa kaya, umenielewa? Mume. Mwanamke asiye na mume alete cheti cha kifo au karatasi ya talaka."

"Ndiyo, mzee."

Nilimtafuta hamali mwenye mkokoteni, tukaifunika ile taipu kwa turubai, tukaisukuma kwenye tope hadi shuleni. Hamali aliniuliza kama nimebeba maiti ya mtoto, maana nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili njia nzima.

Shule ilikuwa imejaa. Madawati yalikuwa yamepangwa nje kwenye baraza, na kila darasa lilikuwa na familia sita, saba, zilizotenganishwa kwa khanga zilizotundikwa kwenye kamba. Mahema matatu yalikuwa uwanjani. Stoo ilikuwa chumba cha vifaa vya michezo, na mtunza stoo alikuwa mzee mmoja mstaafu, shabiki wa kufa na kupona wa timu ya wekundu. Msaada ulioletwa ulikuwa unga wa njano, na njano ndiyo rangi ya watani wake wa mpira. Alikuwa akiupima kwa uso wa huzuni, kama mtu anayelazimishwa kuwahudumia wakwe asiowapenda.

"Siku ya sikukuu," aliniambia, "watatuletea mweupe. Huu nagawa, lakini siuli."

Mchana alikula sahani mbili.

Niliweka meza chini ya mti wenye kengele ya shule, nikaanza. Wanaume walipanga foleni, wakataja majina na idadi ya watu wao, nikachapa, wakapewa kadi. Ilikwenda vizuri kiasi kwamba nilianza kujisikia mkubwa. Ndipo akaja mwanamke mmoja wa makamo, mfupi, amelowa hadi kifuani, na watoto wanne nyuma yake. Kichwani alikuwa amebeba mlango. Mlango mzima wa mbao, na bawaba zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akautua mlango taratibu, akauegemeza kwenye mti wa kengele. "Niandike. Mimi na hawa wanne."

"Mlango huo wa nini, mama?"

"Ukuta ni udongo, nitaukandika tena. Mlango nilinunua kwa vitumbua vya miaka miwili. Maji yangeuchukua nikiutazama?"

Nikamuuliza mumewe yuko wapi.

"Alikwenda kusini kwenye korosho. Mwaka wa nne huu. Hajafa, maana ningeletewa habari. Hajaniacha, maana hajatuma talaka. Yupo, ila hayupo."

Nilitazama maelekezo niliyokuwa nimeyaandika kwa mkato kwenye daftari. Kifo au talaka. Hapakuwa na sehemu ya aliye yupo ila hayupo. Nikamwambia, kwa sauti ya ofisi, kwamba sina namna ya kumwandika mpaka mkuu wa kaya apatikane.

Hakubisha. Alinitazama kidogo tu, kama anayetazama kitumbua kilichokataa kuumuka, akasema, "Haya, mwanangu. Fanya kazi yako." Akauinua mlango, akaenda kwenye darasa la nne.

Siku ile nilikula kwa shangazi bila hamu.

Kesho yake nilipofika, niliwakuta wanawake nyuma ya madarasa wamesimama duara, migongo yao nje. Walikuwa wanamkinga mwenzao anayeoga. Shule haikuwa na bafu, na vijana wa mtaa walikuwa wamegundua kwamba ukipanda ukuta wa nyuma unaona kila kitu. Wengine hawakuwa wameoga tangu juzi kwa kuona haya. Kabla sijafikiria la kufanya, yule mama wa mlango alitokea na mlango wake. Mtu akaleta mabati mawili, mwingine magunia, mtunza stoo akatoa nyavu za goli na misumari. Kufikia saa nne palikuwa na bafu lenye kuta tatu na mlango unaofungwa kwa ndani. Wanawake walipiga vigelegele kama kumezaliwa mtoto.

Nikamwuliza mmoja wao kama yule mama alikula jana.

"Tulimgawia," akasema. "Tunao wengi wa namna yake humu. Tunagawiana."

Nilirudi mezani, nikakaa mbele ya taipu bila kuchapa chochote. Mtu niliyemkatalia unga ndiye aliyetoa kitu pekee alichookoa, akakigeuza stara ya wenzake. Na mimi nilikuwa na sauti ya ofisi.

Jambo la pili lilitokea jioni ileile nyumbani. Shangazi alisonga ugali wa njano.

"Umeupata wapi?" nikamuuliza.

"Sokoni. Kuna bwana mmoja wa kofia ya ukindu anauza, anasema ni wa kwake."

Nilimjua bwana huyo kwa maelezo ya kofia yake. Nilimpa kadi mimi mwenyewe, kaya ya watu saba. Asubuhi nikaenda hema lao nikawakuta watoto wanakunywa chai ya rangi, tupu.

Maji yalikuwa bado yamefunika barabara. Simu ya mwalimu mkuu ilikuwa imekatika. Hapakuwa na wa kumwuliza, na huenda ndiyo bahati yangu, maana ningeuliza ningekatazwa. Nilitoa karatasi mpya, nikachapa orodha upya. Palipokuwa na "Mkuu wa kaya" nikachapa "Anayepika". Halafu nikaondoka kwenye ile meza, nikaanza kupita darasa kwa darasa, na badala ya kuwauliza wakubwa nikawauliza watoto.

"Nani anakupikia?"

Watoto hawana hila kwenye jambo la chakula. "Mama." "Bibi." "Dada." Katika darasa la kwanza watoto watatu walimwonyesha babu yao, mzee wa Kimakonde aliyewalea peke yake, na mzee akaniambia kwa fahari, "Andika hapo mpishi. Na uongeze kwamba mchicha wangu una nazi." Nikaongeza.

Katika darasa la tatu kulikuwa na binti wa miaka mitano hivi.

"Nani anakupikia?"

"Mama."

"Na baba yako yuko wapi?"

"Baba yuko zamu." Baba yake alikuwa fundi kwenye karakana za reli, pale mtaa wa Gerezani, na mara nyingi alikuwa na zamu za usiku. Mtoto akanyoosha kidole dirishani. "Yule pale, anaenda zamu."

Nikatazama. Fundi alikuwa anavuka uwanja kwa mwendo wa mtu anayechelewa, akaingia darasa la sita. Nikamfuata. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, mtoto mchanga mapajani, na mwanamke mwingine anampakulia uji. Kwenye orodha yangu ya kwanza alikuwa ameandikwa mara mbili. Alikuwa na nyumba mbili bondeni, moja kila upande wa mto, na kila mke alijua habari za zamu za usiku. Mto ulimtunzia siri kwa miaka mitatu, kisha ukaja kuwamwaga wote kwenye shule moja. Kwa siku hizo zote alikuwa akivuka ule uwanja kutoka zamu hadi zamu.

"Ndugu karani," alininong'oneza, kijasho kinamtoka, "usiniandike kabisa. Nifute."

"Nimekwishakufuta," nikamwambia. "Ninaandika wanaopika."

Sikumtangaza. Haikuwa kazi yangu, na nilikuwa na hofu. Lakini shule ina masikio, na kabla ya adhuhuri mke mkubwa, yule wa darasa la tatu, alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa la sita. Alimtazama mwenzake, akamtazama mtoto, akasema, "Huyu ana homa." Akamchukua akamweka begani. Siku mbili wale wanawake hawakusemeshana isipokuwa kuhusu mtoto. Siku ya tatu waliunganisha mafiga, wakapika sufuria moja. Fundi hakuwa na kadi, na ikambidi aende na sahani yake mkononi, asimame, angoje kuitwa.

Kadi nilizozibadilisha zilikuwa nyingi, na si wanaume wote waliofurahi. Wengi hawakujali, mradi chakula kinafika. Lakini yule bwana wa kofia aliwakusanya wenzake wanane, wakaandika malalamiko, na maji yalipopungua wakayatuma Magomeni.

Mkuu alifika asubuhi moja amekunja suruali hadi magotini, viatu mkononi, tope hadi kwenye miwani. Sikumbuki kama niliwahi kuogopa namna ile tena.

"Nani amekuruhusu?" aliniuliza mbele za watu.

"Hakuna, mzee."

"Nilikwambia nini?"

"Mkuu wa kaya."

"Na hawa wote wanawake ni wakuu wa kaya?"

Nyuma yangu mtu akakohoa. Alikuwa mama wa mlango, ana mwiko mkononi.

"Samahani, ndugu mkubwa. Naomba uwaulize hawa mabwana swali moja. Nyumbani kwao, mlo mmoja unakula makopo mangapi ya unga?"

Mkuu akamgeukia bwana wa kofia. "Haya. Mangapi?"

"Inategemea," akasema bwana wa kofia.

"Inategemea nini?"

"Inategemea... njaa."

Wa pili alisema makopo kumi. Mkewe akashika kichwa. Wa tatu akasema kopo moja, na watoto wake wenyewe wakapiga kelele. Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikapita kwa wanaume walewale wanane, na mtunza stoo akacheka mpaka akakalia gunia.

"Na wewe, ndugu mkubwa," mama akauliza kwa adabu kabisa, "kwako mnakula makopo mangapi?"

Mkuu akavua miwani, akaanza kuifuta tope na shati ambalo nalo lilikuwa na tope.

"Mke wangu ndiye anayejua," akasema mwisho.

Kisha akaniita pembeni. Nilijua nafukuzwa.

"Ile barua yako ya kuomba kibali cha kubadilisha orodha," alisema, "uliniandikia lini?"

"Sijakuandikia, mzee."

"Uliniandikia. Jumatano. Maji yakaichelewesha. Hebu ichape, niisome."

Nikaichapa palepale, nakala tatu kwa kaboni, nikakosea mara nne. Akaisoma yote kama anayeisoma barua ya kweli, akasahihisha koma moja, akaandika chini yake "Imekubaliwa", akatoa muhuri mfukoni, akagonga hapo na kwenye orodha. Halafu akamwuliza mtunza stoo kama kuna chakula, maana alikuwa ametembea tangu alfajiri. Akapewa ugali wa njano na mchicha wa yule babu, wenye nazi.

Watu walikaa shuleni wiki chache zaidi, hadi serikali ilipotoa viwanja mahali pa juu, mbali na bonde. Makarani wa viwanja walipokuja kutafuta majina, orodha iliyokuwepo ilikuwa moja tu, ile yenye muhuri. Wakainakili kama ilivyo. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya, maana sikuwa nimefikiria zaidi ya sufuria. Waliokuwa wameandikwa kwa kuwa wanapika sasa walikuwa na kiwanja kwa majina yao wenyewe. Mama wa vitumbua alipata chake. Wale wake wawili walipata viwili, wakaomba vipakane.

Nilikwenda kuwatembelea Jumapili moja na shangazi yangu. Nyumba zilikuwa zimefika kwenye madirisha, bila paa. Fundi alikuwa ndani ya shimo hadi mabegani, anachimba choo, na udongo mwingine uliorundikwa ng'ambo ya mpaka ulionyesha kwamba kingine, cha mke wa pili, kinamngoja. Alinisalimu kwa heshima, bila kuacha kuchimba.

Mama alitupikia vitumbua juu ya mafiga matatu katikati ya chumba kisicho na paa. Manyunyu yakaanza. Shangazi akataka tuondoke, tutalowa.

"Kaeni," mama akasema, akafunika kikaango kwa ungo. "Mvua hii si ya kupandisha maji. Huku ni juu."

Tukakaa, tukala, tukalowa. Vilikuwa vitamu, vina iliki nyingi, na alitufungia vingine kwenye gazeti tupeleke nyumbani.