Kiti cha Babu

Taabu yangu ilianza mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, nikiwa na miaka tisa. Babu alikuwa amepooza, na baba alimtengenezea kiti cha kulalia chenye mikanda ya ngozi ya ng'ombe. Kazi yangu ilikuwa kukikalia kila mchana kabla yake, tujue kama mikanda bado ni mizima.

Lakini kwetu mtoto hakalii kiti cha mzee, ingawa baba hakujali mwiko huo. Niliamini nikikikalia, Babu atakufa. Basi nilikuwa nakitazama tu, halafu nasema, "Nimekikalia, baba."

Siku moja ngozi ilinuka uozo, nikanyamaza. Mkanda ukakatika, Babu akaanguka chali, kiuno kikavunjika kwa mlio wa kuni kavu.

"Ulikikalia kweli?" baba aliniuliza, fimbo mkononi.

"Alikikalia," Babu akajibu kutoka chini. "Nilimwona."

Nami nikaacha iwe hivyo. Babu hakuinuka tena kitandani.

Juzi hospitalini muuguzi alimletea mke wangu kiti cha kulalia chenye magurudumu. Akakaza breki, akakikalia yeye kwanza. "Nianguke mimi, mzee, mnicheke," akasema. Sikuweza kumtazama.

Leo nina nyumba ya matofali, ng'ombe thelathini na mashine ya kusaga. Kiti cha Babu pia ninacho. Sijawahi kukikalia.